Zabibu za Bosi

Zabibu zilikuwa zimepangwa ukingoni mwa sahani, zimelowa mate, moja nyuma ya nyingine kama ndoo zinazongoja zamu bombani. Biskuti hazikuwapo. Nilisimama na ufagio mkononi katika chumba kitupu, mchana kweupe, nikahisi nywele zinanisimama.

Mdogo wangu hakupenda zabibu. Tulimwita Bosi kwa sababu alikula kwa masharti. Biskuti za shayiri za mama alizipenda kufa, lakini kila zabibu aliitoa kwa ulimi, akaipanga ukingoni, kisha akamsukumia mama sahani. Mama alizila zote, pamoja na mate yake.

"Si umpikie zisizo na zabibu?" baba alimwambia siku moja.

Mama akacheka. "Na mimi nitakula nini?"

Homa ilimchukua Bosi ghafla, hata dawa hazijafunguliwa. Tangu hapo mama hakuwasha tena oveni. Baba alikuwa fundi umeme. Alipata kazi mji mwingine, akapanga nyumba huko, na kila alipotaja safari mama aligoma. Hakupiga kelele. Alikaa tu kwenye kitanda cha Bosi na kuuliza swali lile lile: "Tukihama, atatupataje?" Mwishowe baba alichoka. Alisema lori linakuja na yeye atapanda, mama apende asipende. Nilikuwa nimeshakua vya kutosha kujua kwamba nitalazimika kuchagua, na jambo hilo liliniogopesha kuliko hata msiba wenyewe.

Siku ya lori mama aliamka, akawasha oveni. Alikoroga siagi na sukari kwa mwiko, akatia mayai, unga, shayiri na mdalasini, kisha akamwagia zabibu kwa viganja, bila kupima. "Hatuwezi kuondoka hivi hivi bila kuaga watu," alisema. Nyuma ya mgongo wake baba alinikonyeza kwa furaha.

Nikazungusha sahani mlango kwa mlango. Fundi cherehani wa ghorofa ya chini alitafuna biskuti ikiwa ya moto, huku akijipepea mdomo.

"Mama yako akienda, nani atatunenepesha?" Alicheka, kisha akatazama dari. "Mna mtoto mgeni huko juu? Tangu asubuhi nasikia mtu anakimbiakimbia."

Nilimwambia ni baba anavuta makabati. Makabati yalikuwa yameshapakiwa. Nilipanda ngazi polepole, nikishika ukuta.

Sahani ya mwisho mama alikuwa ameiweka mwenyewe kwenye dirisha la chumba cha Bosi, akarudisha mlango. Hakuna aliyeingia, baba na wabeba mizigo walikuwa barabarani wakifunga kamba. Mimi niliingia kufagia tu.

Nilitaka kuificha sahani ile yenye zabibu tupu. Mama akiiona, niliwaza, hang'oki hapa ng'o. Lakini alikuwa ameshafika nyuma yangu, pumzi yake inanukia mdalasini. Alizitazama zabibu, kisha akazila, moja moja, bila haraka. Akaifuta sahani kwa aproni, akaitia kwapani.

"Haya," alisema. "Ameshakula. Twendeni."

Siku hizi nami huoka, na wanangu hulalamika kwamba zabibu zinaharibu biskuti. Huwaambia wazitoe kama hawazitaki. Huwa siangalii wanaziweka wapi.

Kwenye lori tulikaa mbele: baba karibu na dereva, mimi katikati, mama mlangoni. Kiti kilikuwa kirefu na hakuna aliyembana mwenzake. Hata hivyo mama alinigusa bega.

"Sogea kidogo," alisema, kwa ile sauti ya kugombeza kwa mapenzi, ya enzi tulipokuwa wawili, mimi na Bosi.

Nikasogea. Tulipofika nilishuka, nikakung'uta gauni langu. Upande wa mama lilikuwa limejaa chengachenga za biskuti, na mimi siku ile sikuwa nimeonja hata moja.