Kisima cha Tatu

"Usiuvute, uache ushuke wenyewe," Mama Chupa alisema.

Mwenye nyumba ya wageni aliushika utepe wa kupimia kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa watu mwenye nepi mbichi. Utepe ukateremka kisimani hadi kikengele cha mwishoni kikalia, ti! Mama Chupa akainama, akasoma, akaandika kwenye daftari.

Alikuwa mpimaji wa maji kwa mwaka wa ishirini na mbili. Jina hilo alipewa na wenzake ofisini, maana mkoba wake uligonganisha chupa za sampuli kila alipopiga hatua. Siku hiyo alitumwa kukadiria jambo moja: nyumba ya wageni ikipanuliwa kutoka vitanda arobaini hadi mia na ishirini, maji yatokayo kwenye karo lake la maji machafu yataleta nitrati, chumvi itokanayo na maji machafu, kiasi gani katika maji ya ardhini? Mkubwa wake alitaka jibu kabla ya saa kumi. "Ramani ya mwenye nyumba ipo," alimwambia. "Nakili tu."

Kwenye ramani ile, mshale ulionyesha maji ya chini yakienda bondeni, kusiko na mtu anayechota.

"Visima viwili vinatosha, dada," alisema mwenye nyumba, akijifuta jasho. "Maji hufuata mteremko. Hata mbuzi anajua."

"Bado cha tatu."

"Cha mama yangu? Kile kiko juu! Maji yatapanda kilima kwa ngazi?"

Walikwenda. Mama Chupa alipima kimo cha mdomo wa kisima, akateremsha utepe, akatoa hesabu. Akarudia mara ya pili. Kisha akachora mshale mpya daftarini, akamgeuzia mwenye nyumba aone. Maji ya kisima hiki ndiyo yaliyolala chini kuliko yote. Kilima kilikuwa cha juu ya ardhi tu. Huko chini maji yalikuwa na njia yao, na njia hiyo ilitoka karoni ikaja moja kwa moja hapa.

Mwenye nyumba akaligeuza daftari kichwa chini, akaligeuza tena.

Barazani, mama yake alikuwa akimkorogea mjukuu maziwa ya kopo kwa maji ya kisima hicho. Kichanga kilikuwa na wiki tatu, na mamaye alilala ndani akijiuguza. Bibi akauliza kulikoni, Mama Chupa akamweleza: nitrati, ikihesabiwa kwa nitrojeni yake, ikizidi miligramu kumi kwa lita, damu ya mtoto mchanga hushindwa kubeba hewa, na midomo yake huweza kugeuka rangi.

"Mimi nachemsha," alisema Bibi.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mama. Nitrati haifi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki."

Bibi akaiweka chupa ya mtoto chini. "Sasa hivi ni ngapi?"

"Saba na nusu, kwa makadirio yangu. Hapo hakuna neno. Vikiwa vitanda mia na ishirini, inapita kumi na tano."

"Umeipataje?"

Mama Chupa alimgeuzia daftari. Miaka yote hiyo watu walimuuliza amepata ngapi, na lini atatia sahihi. Hakuna aliyewahi kumuuliza ameipataje. Sauti yake ilikuwa na haraka ya furaha.

"Kila kitanda lita mia kwa siku. Hizo ni lita elfu kumi na mbili, na udongo ukishakula sehemu yake, zinabaki na gramu mia nne na themanini za nitrati. Mvua inaongeza lita elfu ishirini na gramu ishirini. Basi ni gramu mia tano, yaani miligramu laki tano, ndani ya lita elfu thelathini na mbili. Unagawa."

"Na vitanda sitini?" mwenye nyumba akadakia.

Kalamu ikakimbia. "Kumi."

"Kumi kamili!" Akapiga makofi. "Si ndiyo mwisho unaoruhusiwa? Andika sitini, dada, tumemaliza!"

"Ni kumi kama mvua itanyesha nilivyoihesabu. Isiponyesha?"

"Kwani lazima uwe na mashaka?"

"Wewe!" Bibi alimkatiza mwanawe. "Mimi nimeshona nguo miaka thelathini. Sijawahi kukata kitambaa bila kuacha nafasi ya pindo. Huyu mjukuu ndiye utakayemkatia bila pindo?"

Mwenye nyumba alimtazama mtoto. Mtoto alipiga chafya. Jitu zima lile likacheka, mabega yakashuka.

"Na nikipeleka bomba la karo hadi ng'ambo ya kisima, kule kwenye majani makavu?"

"Kule nitapima upya," alisema Mama Chupa. "Siahidi."

"Nani kakuomba ahadi? Njoo na utepe wako." Akashika njia, akihesabu hatua kwa sauti, akikosea, akianza tena.

Saa kumi ilikwishapita. Simu ya Mama Chupa ilitetemeka mkobani, akaiacha. Bibi alikuwa amepiga magoti, akiandika kwa kipande cha mkaa juu ya saruji ya baraza, laki tano kwa elfu thelathini na mbili, akigawanya polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.

"Mwanangu," akasema bila kuinua kichwa, "na hiki kilichobaki nakipeleka wapi?"

Mama Chupa akavua viatu, akaketi naye sakafuni.