Mama wa Chumvi na Benki Mbili

Asubuhi Benki ya Mawio ilipofungua tawi lake Tunduma, Enesi Namwinga alikuwa sokoni Sogea akimpimia chumvi mteja wa kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Muziki ulivuma kutoka barabara ya Sumbawanga mpaka yule mteja akasahau alikuwa amefika gunia la ngapi.

"Bamayo, kuna harusi?" aliuliza. Wateja wa ng'ambo walimwita Enesi hivyo, yaani mama.

"Si harusi, ni benki mpya," alijibu Fides, jirani yake wa meza aliyeuza mchele. "Wanagawa soda."

Benki Tunduma hazikuwa haba. Lakini benki iliyokubali kukopesha vikundi vya wanawake wasio na nyumba ya kuweka dhamana ilikuwa moja tu, Benki ya Ukingo. Kikundi cha Enesi, Tusichoke, chenye wanawake ishirini na sita, kilikopa pale kwa miaka tisa. Riba ilikuwa asilimia tatu na nusu kwa mwezi, na kila mkopo ulikuwa na ada ya fomu. Hakuna aliyebisha, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Enesi alifunga meza yake mapema siku ile. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, mnene kiasi, mwenye sauti iliyozoea kuita wateja kushinda honi za malori. Alikwenda na Fides wakaipokea soda, kisha badala ya kuondoka kama wengine, akamwomba mlinzi amwonyeshe mkubwa wa pale.

Mkubwa alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu aitwaye Brenda, mtoto wa wakulima wa kahawa kutoka Mbozi.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Soda yenu nimeinywa, ahsante. Sasa niambie, vikundi mnakopesha kwa ngapi?"

"Asilimia tatu kwa mwezi. Ada ya fomu hakuna."

Enesi alishukuru, akatoka, akasimama ukingoni mwa barabara. Benki ya Ukingo ilikuwa inamtazama ng'ambo ya pili. Katikati ulikuwa mstari wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka, yamebanana hata mtu apite kwa ubavu. Akapita kwa ubavu, Fides nyuma yake ameshika khanga isinase kwenye bampa.

Meneja wa Ukingo aliitwa Rabson Simkoko. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, ambaye kila Krismasi aliwapelekea Tusichoke kalenda kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama Tumpe, shikamoo," alisema. Tumpe ni mtoto wa kwanza wa Enesi. "Nimekuona unatoka kule."

"Marahaba. Umeniona, basi hatuna haja ya kufichana. Kule ni tatu, na fomu bure. Wewe unanipa ngapi?"

Rabson alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Tatu siwezi, mama."

Enesi akavuka tena. Kwa Brenda alisema kwamba yeye ni mteja wa miaka tisa, kikundi chake hakijawahi kuchelewesha rejesho, na mtu wa namna hiyo hapewi bei ya mgeni. Brenda alipiga hesabu kwenye kikokotoo akasema mbili na nusu. Enesi akavuka kurudi kwa Rabson. Kufikia saa saba vijana wa bodaboda waliokuwa wanasubiri abiria walishaelewa kinachoendelea, na kila alipochomoza kati ya malori walimpigia makofi. "Mama, ngapi sasa?" waliuliza. "Mbili na nusu!" alijibu, na dereva mmoja wa lori akapiga honi kumuunga mkono.

Mara hii Rabson hakucheka. Alifunga mlango wa ofisi, akavua miwani.

"Mama, nikwambie ukweli. Tangu watangaze kuja, vikundi kumi na kimoja vimeniaga. Faida ya tawi imeshuka, na makao makuu wamenipa mpaka mwisho wa mwaka. Isipopanda, tawi linafungwa. Nina wafanyakazi saba hapa."

Enesi alivuta kiti akaketi. Hakuwa amekuja kumuumiza mtu. "Hebu nieleze," alisema. "Benki inapataje faida? Miaka yote hii sijawahi kukuuliza."

"Benki haina shamba. Mtu anakuja kuweka pesa, tunampa riba ndogo. Mwingine anakuja kukopa, anatulipa riba kubwa. Lile pengo la katikati ndilo linalolipa mishahara, umeme, mlinzi, na hasara ya waliotoroka na mikopo. Kinachobaki ndiyo faida. Nikipunguza riba yenu, pengo linakuwa jembamba."

"Kumbe na wewe unauza chumvi!" Enesi alipiga paja. "Unanunua Ivuna, unauza Tunduma. Sasa sikiliza. Miaka sita iliyopita Sogea nzima chumvi ya Ivuna niliuza mimi peke yangu. Akaja Elizabeti na lori lake dogo la Kanta, anauza chini yangu. Nililia wiki nzima, muulize Fides."

"Alilia," Fides alithibitisha. "Tena kwa sauti."

"Nilipochoka kulia nikapunguza elfu moja kila gunia. Nikaona nitakufa njaa. Kumbe kwa bei ile wakaanza kuja Wazambia, ambao zamani waliniona ghali. Mwaka ule niliuza magunia mara tatu. Pengo lilikuwa jembamba, lakini mapengo yalikuwa mengi."

"Wateja wako waliongezeka. Wangu ni wale wale, na wanahama."

"Nani kakwambia ni wale wale? Ivuna umewahi kufika?"

Rabson alikiri hajawahi. Alikuwa amefanya kazi wilaya ya Momba kwa miaka minne na chumvi aliijua ya mezani.

"Jumamosi tunakwenda," Enesi alisema. "Vaa viatu vya kuchafuka."

Waliondoka alfajiri katika pikapu ya benki, Rabson akiendesha mwenyewe, Enesi na Fides pembeni yake. Wakaacha baridi ya Tunduma, wakapita vijiji vya mahindi, kisha barabara ikaanza kuteremka kuelekea bonde la Rukwa. Kila kona joto liliongezeka. Rabson alivua koti, baadaye sweta, baadaye akakunja mikono ya shati. Wanawake wale wawili walimcheka mpaka naye akajicheka.

Ivuna moshi ulikuwa umetanda juu ya vibanda. Wanawake walikuwa wakichuja maji ya chumvi kupitia udongo na kuyachemsha kwenye masufuria mapana hadi chembe nyeupe zitulie chini. Aliyewapokea ni Tukuswiga, mjane wa miaka sitini na zaidi, bingwa wa kazi ile, mwenye mikono iliyokauka kwa chumvi na maneno mengi ya mzaha.

"Huyu ndiye mwenye benki?" alimuuliza Enesi. "Mbona amelowa namna hii? Mpeni maji asije akachemka akawa chumvi."

Rabson alikunywa maji, akauliza bei. Gunia moja wakati ule wa kiangazi liliuzwa pale elfu kumi na mbili. Masika, maji yakifunika maeneo na kazi ikasimama, gunia lile lile lilifika elfu ishirini na tano.

"Kwa nini msiweke mkasubiri masika?"

"Nisubiri huku nakula nini?" Tukuswiga alijibu. "Na niweke wapi? Mvua ikinyesha gunia linageuka mchuzi."

"Na pesa mnayopata mnaweka wapi?"

Tukuswiga aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga lililoliwa na kutu. Alikuwa amelifukia chini ya kitanda mwaka uliopita. Akamwaga yaliyomo: noti za elfu tano elfu tano, nusu yake zimeliwa na mchwa. Wanawake walicheka, naye akacheka kuliko wote. "Mchwa wangu ndio matajiri wa Ivuna," alisema. Rabson alizishika zile noti zilizotoboka na hakucheka. Alianza kuhesabu vibanda. Alipofika mia moja na arobaini aliacha, na bado moshi uliendelea kuonekana mbele.

Hapo ndipo bodaboda ilipoingia kwa kishindo. Aliyeshuka alikuwa mweupe kwa vumbi toka unywele hadi kiatu, amekumbatia begi la fomu. Alipojifuta uso, Rabson alimtambua.

"Meneja," alisema Brenda.

"Meneja," alijibu Rabson.

Tangu siku ya ufunguzi walitazamana kupitia vioo vya ofisi zao na hawakuwa wamewahi hata kusalimiana. Rabson akamgeukia Enesi. "Mama Tumpe, amejuaje?"

"Nilimwambia mimi." Enesi hakuona haya hata kidogo. "Miaka tisa nimepatana bei na muuzaji mmoja. Nimechoka, baba. Leo nataka nipatane na wawili, tena wote nawaona."

Habari zilikimbia kutoka kibanda hadi kibanda. Maisha yao yote hakuna benki iliyowahi kukanyaga pale, na leo zimekuja mbili kwa mkupuo! Masufuria yaliepuliwa, wanawake wakakusanyika chini ya banda la kuhifadhia kuni, wenye watoto mgongoni na wenye majivu kwenye mikono. Mameneja wakaketishwa juu ya magogo, kila mmoja upande wake, Enesi katikati kama mpiga mnada.

"Tuanze kwa mbili na nusu," alisema. "Nani anashuka?"

"Mbili na nusu, na akaunti ya kuweka akiba bila makato," Brenda alisema.

"Makato hata sisi tunaondoa," Rabson alijibu. "Na afisa wetu atakuja hapa kila siku ya mnada, msilipe nauli ya kuja Tunduma."

Wanawake wakaguna kwa kuridhika. Brenda akaahidi afisa naye. Rabson akaomba dakika chache ampigie mkubwa wake, lakini mtandao haukuwepo. Tukuswiga alimwonyesha kichuguu kirefu kando ya njia. Basi meneja wa benki akapanda kichuguu, suruali imekunjwa, simu juu, anageuka huku na kule hadi simu ikaita. Sauti yake waliisikia wote.

"Si wale wale, mkuu! Hawa ni wapya. Wako zaidi ya mia tatu na hakuna hata mmoja mwenye akaunti. Pesa yao wanaila mchwa! ... Ndiyo, mkuu, mchwa! ... Pengo litakuwa jembamba, ndiyo, lakini mapengo yatakuwa mengi!"

Vigelegele vilipanda. Rabson alishuka na vumbi hadi magotini na uso mpya kabisa. "Mbili na robo," alisema.

Brenda alimwangalia, akaangalia umati ule, akafunga kikokotoo chake. "Hapo nami nafika. Chini ya hapo hakuna benki itakayowalipa wafanyakazi wake, nami siwezi kuwadanganya. Lakini Mawio itakopesha ujenzi wa ghala. Mkiwa na ghala, mnauza masika."

"Dhamana ya ghala?" Enesi aliuliza.

"Chumvi yenyewe iliyomo ndani."

Banda zima likalipuka kwa kelele. Tukuswiga alisimama akatikisa mabega, akaanza kucheza pasipo ngoma wala wimbo, na wenzake wakamtilia makofi. Mpaka jioni fomu za begi la Brenda na zile za kwenye pikapu ya Rabson zilikuwa zimekwisha. Waliobaki waliandikwa kwenye daftari la shule. Wengine walichagua Ukingo kwa sababu ya Rabson na kichuguu chake, wengine Mawio kwa sababu ya ghala. Tukuswiga alifungua akaunti kotekote. "Nikiudhiwa huku, nahamia kule," aliwaambia mameneja wote wawili wakisikia.

Ghala lilijengwa kabla ya mvua, la matofali ya kuchoma na sakafu iliyoinuliwa. Desemba Rabson alituma taarifa yake makao makuu. Riba ilikuwa ndogo kuliko wakati wowote tangu tawi lifunguliwe, lakini wakopaji walikuwa mara mbili na nusu ya mwaka uliopita na amana zilizidi hapo. Faida ilipanda. Waliomtishia kumfungia wakamwongezea wafanyakazi wawili. Brenda hakupata faida mwaka ule. Tawi jipya lina gharama nyingi. Aliipata Machi, na siku ile alivuka barabara kwa ubavu kati ya malori kwenda kumwambia Rabson, wakanywa chai pamoja.

Katikati ya masika lori la kwanza la chumvi ya ghala lilipakiwa. Gunia liliuzwa elfu ishirini na nne. Enesi alikuwa Ivuna siku hiyo, amelowa mvua, anasimamia upakiaji, wakati simu ndogo ya Tukuswiga ilipolia mlio wa ujumbe. Mama yule hakujua kusoma. Alimkimbilia Enesi, amekinga simu kwa kiganja isilowe.

"Nisomee, wameandika nini?"

Enesi alisoma. Akaunti yake imepokea shilingi laki nne na elfu themanini.

"Soma tena."

Akasoma tena, polepole.

"Sasa soma kwa sauti," Tukuswiga alisema, "na wale walioko nyuma ya lori wasikie."

Enesi akavuta pumzi, akaitoa ile sauti yake ya sokoni.