Chui wa Gachanja

Kama ulikaa mtaa wa Jericho, Nairobi, na hukuwahi kusimuliwa jinsi Gachanja alivyomuua chui kwa panga, basi ulikuwa umehamia juzi. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Industrial Area, mtu mpole hata kwa mende, lakini Jumapili akishavaa kofia yenye madoadoa aliyosema ni ya ngozi ya chui huyo alitembea kifua mbele kama diwani.

Mwaka wa 1978 serikali ikapiga marufuku biashara ya ngozi za wanyamapori, na Wangeci, binti yake wa kidato cha tatu, akapata kazi. Alizunguka mlango kwa mlango akiwaambia akina mama kwamba urembo wa kumvua mnyama ngozi yake si urembo. Mama Waruguru alitoa mkoba wa ngozi ya chatu huku amenuna. Mwingine akaleta kola ya mbega. Vyote vingechomwa Jumamosi nyuma ya ukumbi wa mtaa.

"Na kofia yako, Baba," Wangeci alisema.

Gachanja akajikuna kidevu, akajifanya anaumia. Moyoni alikuwa anashangilia. Kofia ikiungua, siri yake nayo imekwisha, na yeye anabaki shujaa aliyetubu. Alikubali haraka mno, hata akaona haya kidogo.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wangeci akaiweka kofia mezani, akamwita baba yake mbele.

"Waambie huyo chui alivyokufa. Wacha watu wasikie uchungu."

Hilo Gachanja hakulitarajia. Lakini hadithi si aliijua? Akaianza pale pale: milima ya Nyandarua, ukungu, panga. Alipofika kwenye mngurumo akamtupia jicho binti yake. Wangeci alikuwa analia kimya, akijifuta kwa mkono wa sweta ya shule.

"Tangu nikiwa darasa la pili," akasema, "huwa najiuliza kama alikuwa na watoto. Na huwa nakuogopa kidogo, Baba."

Gachanja akaitazama kofia pale mezani. Alijua mtaa ungemcheka mwaka mzima, na kazini wangempa jina. Lakini mtoto wake mwenyewe amwogope? Hapo alishindwa.

"Hakuna chui," akasema.

"Nini?"

"Ni mbuzi. Hayo madoa nilichora mwenyewe na rangi ya viatu."

Ukumbi ulilipuka. Mama Waruguru alicheka hadi akashikilia kiti. Wangeci peke yake hakucheka. Alilowesha kidole kwa mate, akasugua doa moja, akakitazama kile kidole.

"Kwa hivyo hujawahi kuua chui?"

"Hata kumwona sijamwona, mama."

Wangeci akamrukia shingoni mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanze sekondari. Gachanja akafumba macho. Wacheke tu, alijiambia, wacheke mpaka wachoke. Mara akamsikia binti akisafisha koo, kama afanyavyo akitaka kuhutubia.

"Na huyo mbuzi, Baba? Kwani yeye si mnyama? Aliuawa na nani?"

"Ni yule wa Krismasi, ulipokuwa darasa la kwanza," Gachanja alijibu. "Wewe kama msichana tulikupa masikio, kama ilivyo desturi yetu. Ukayamaliza, ukalilia na figo."