Titi la Nargisi Lauliza Swali

Ijumaa, Nargisi alimimina kitunguu saumu cha kukaanga kwenye sufuria ya mlenda, akavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyekanyaga nyoka. Ndivyo inavyopaswa. Pale mtaani kwao Shubra, mlenda usiovutiwa pumzi haupelekwi mezani. Titi lake la kushoto nalo likavuta pumzi.

"Samahani kwa kukushtua," likasema. "Naona mumeo hajakwambia. Nina saratani. Nitakatwa."

Nargisi akapunguza moto. Kumbe ndiyo maana Shehata, mumewe, alirudi kutoka kwa daktari na sinia zima la basbusa, keki tamu ya semolina, akidai ni baridi tu imeingia kifuani. Mama mkwe alijua. Hata muuza mikate alijua, maana siku hizi alimchagulia iliyo laini.

Hakulia. Aliuliza kuhusu mkono. Jirani yake alipokatwa titi, mkono wa upande ule ulivimba kama mto wa kochi, na Nargisi ni mashoto. Kisu cha kukatia mlenda, kilichopinda na chenye vipini viwili, hushikwa kwa mikono miwili na kubembezwa; kwa mkono mmoja hakuna mlenda, na mama mkwe angeingia jikoni.

"Hilo silijui," titi likakiri. "Mimi sitakuwepo."

Mezani likawatangazia wote. Mama mkwe alilikemea kwa kuutaja ugonjwa ule kwa jina mbele ya chakula, kisha akakubali kwamba mlenda uliovutiwa pumzi na wawili una ladha zaidi. Shehata aliliomba titi radhi. Mkewe hakuombwa.

Jumapili wakaenda kliniki.

"Salamu alaikum, daktari," titi likaanza kwa adabu. "Mkishaniondoa, mkono wa Nargisi utavimba? Ataweza kukata mlenda?"

Daktari, aliyesomea ng'ambo, alilisikiliza mpaka mwisho, akalisifu kwa ufasaha wake. Kisha akazungusha kiti, akamkabili Shehata, na wakanong'ona kwa kitambo kirefu. Shehata akajifuta jasho.

"Anasemaje?" Nargisi akauliza.

"Anasema msiwe na wasiwasi," Shehata akajibu.

"Kuhusu mkono?"

"Kuhusu chochote, Mama Wagdi."

Daktari akaitikia kwa kichwa, kisha akamuuliza Shehata kama titi lina swali jingine.