Mkono Ndani ya Kikapu

Mwaka 2003 fundi wa kurasa za mtandao hapa Majengo nilikuwa mimi, Salwa, na sikuwa na mpinzani, jambo lililonivimbisha kichwa. Nilijifunzia kwenye chumba cha intaneti cha Munir, chenye kompyuta nne na feni moja, nikawa natembea kama vile intaneti nimeizaa mwenyewe.

Ndiyo maana shangazi yangu Batuli aliponipa vikapu vya wanawake wenzake wa Kondoa, viuzwe kwenye duka moja la mtandaoni la Arusha, niliupamba ukurasa wake kama bibi harusi. Maandishi yalimeta, maua yalizunguka, na picha za vikapu nikazipunguza zikawa kama stempu ili zifunguke upesi. Miezi mitatu ikapita. Watu waliingia na kutoka kama waliokosea mlango, hakuna aliyenunua. Mwenye duka akaandika kwamba mwezi ukiisha bila oda, ukurasa wa Kondoa unaondolewa.

Wanawake kumi na wawili walikuwa wamesuka kiangazi chote wakiutegemea ukurasa ule. Niliona aibu, na aibu yangu hutoka kwa sura ya hasira. Nikamwita shangazi aje pale kwa Munir ajionee mwenyewe kwamba kosa ni la wanunuzi.

Alikuja na basi la asubuhi, mkononi ana kikapu kimoja na kifurushi cha ulezi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye skrini. Alikuwa hajawahi kuona kompyuta. Alisogeza uso karibu, nikadhani ameduwazwa na ufundi wangu.

"Kitako kiko wapi?" aliuliza.

"Kitako cha nini, shangazi?"

"Cha kikapu. Wewe utanunua kikapu bila kukipindua?"

Kwao Kondoa mnunuzi hukipindua kikapu kwanza aone kitako, kisha hutia mkono ndani, halafu muuzaji humimina ulezi na kukinyanyua. Ikidondoka punje, biashara imekwisha. Nililijua hilo tangu utotoni. Maua yanayozunguka ndiyo yaliyonisahaulisha.

"Huyo wa mbali hana jinsi ya kutia mkono humu," alisema. "Basi mtilie wangu. Na uwe mkubwa vile vile ulivyo, ajue kipimo."

Nikamweleza kwamba picha kubwa namna hiyo itachukua dakika nzima kufunguka, na watu watakimbia.

"Anayetaka kikapu atasubiri. Sisi kukisuka ni wiki mbili."

Nikaazima kamera kwa Nasri, mpiga picha za harusi, nikafuta maua yote. Picha ya kwanza ikawa kitako. Ya pili, mkono wa shangazi ndani ya kikapu. Niliupima kwa rula juu ya skrini mpaka ukalingana na mkono wake halisi. Ya tatu, kikapu kimejaa ulezi, kimenyanyuliwa juu ya shuka jeupe lisilo na punje hata moja. Chini nikaandika jina la aliyekisuka, Joha, basi.

Siku mbili kabla ya mwezi kwisha, shangazi, aliyekuwa bado hajarudi Kondoa, akiwa ameketi kando yangu, barua pepe iliingia. Ilitoka kwa mwanamke wa Norwe mwenye duka lake. Niliisoma mara mbili, ndipo nikamfasiria shangazi. Yule mwanamke alitaka vikapu vyote sitini. Alisema picha ya mkono ilifunguka polepole, kwanza bangili, kisha kiganja, kisha vidole, naye akasubiri asijue kwa nini anasubiri. Ilipotimia aliweka mkono wake juu ya ule wa kwenye picha. "Wangu ni mdogo kidogo," aliandika. "Mwenye mkono huu anaitwa nani?"

Nilikuwa nimeshinda mwaka mzima mbele ya mashine zile, na siku ile ndipo nilipoziogopa.

Shangazi aliniomba nimfungulie picha. Ikashuka mstari kwa mstari, bangili, kiganja, vidole. Akaweka mkono wake pale pale alipouweka yule mwanamke, kidole kikakaa juu ya kidole.

"Mwambie naitwa Batuli," alisema taratibu. "Na umuulize yeye ni nani."

Hakuuondoa mkono mpaka nilipomaliza kuandika.