Kibla ya Wazee wa Bluff

Wakili wa kampuni hakupandisha sauti hata mara moja, na hilo ndilo lililomkera Yumna kuliko yote. Alisimama mbele ya baraza la urithi, akaonyesha ukutani picha ya kiwanja cha Bluff iliyopigwa kutoka angani, mawe yake yakiwa yamepangika mawili mawili ndani ya nyasi, kisha akasema kwa upole wa mtu anayetoa pole:

"Waheshimiwa, tunawastahi wazee wa jamii hii. Lakini Waislamu huzikwa wakielekezwa Makka, na kutoka Durban, Makka ipo kaskazini ikipinda kidogo upande wa mashariki. Safu hizi hazipindi. Zote zimeelekea kaskazini moja kwa moja. Watu hawakosei kibla, tena wote kwa pamoja. Hapa palikuwa na bustani za mboga, na mawe haya ni mipaka yake."

Mwenyekiti wa baraza, mama mwenye miwani mizito, akaahirisha kikao kwa juma moja. Hoja ile isipopata jibu, kampuni ingepewa kibali, na matingatinga yangeanza kuchimba misingi ya maghorofa.

Nje ukumbini, Faizal, mwenyekiti wa kamati ya jamii, alijiegemeza ukutani kama mtu aliyetoka kubeba gunia.

"Daktari," alimwambia Yumna, "nisikufiche. Nimetoa simu yangu nikapima mwenyewe. Jamaa anasema kweli. Yale mawe hayaelekei kibla."

"Na marehemu babu yako aliyesema wamezikwa pale?"

"Babu alisema mengi. Alisema pia kwamba aliwahi kumshika papa kwa mkono. Eish, Yumna, tutaapa kwa nini? Waliozika wote wamekwishazikwa."

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Jamii yao iliitwa Wazanzibari, ingawa wengi wa wahenga wao walikuwa Wamakua, watu wa pwani ya mbali huko kaskazini, waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa na kuteremshwa Durban. Walipata ardhi Bluff, kwenye mgongo wa kilima unaokinga bandari, wakajenga, wakalima, wakazaa na wakazika. Kisha serikali ya ubaguzi ikatangaza kuwa kilima kile ni cha wazungu pekee. Malori yakaja, nyumba zikabomolewa, watu wakapelekwa Chatsworth. Wanawake walikuwa hawafuati jeneza hadi kaburini, na wanaume waliolifuata hawakuwapo tena duniani. Shangazi Aysha, dada wa marehemu baba yake Yumna, alikuwa msichana mdogo mama yake alipofariki, muda mfupi kabla ya malori kufika. Alijua kwamba mama amelala Bluff. Hakuwahi kujua ni wapi hasa, na tangu hapo alikuwa akimsomea Fatiha akiwa jikoni, amegeukia upande wa bahari.

Asubuhi iliyofuata Yumna alikuwa darasani akifundisha historia, kule chuoni juu ya kilima cha Berea, mahali ambapo dirisha likifunguliwa huonyesha bandari yote na, ng'ambo yake, Bluff kama mnyama aliyelala. Somo la siku hiyo lilikuwa lile alilolitolea ujana wake: miji ya Marekani ambayo iliwafukuza watu weusi, au kuwazuia wasiingie, ikaweka mabango barabarani yakiwaonya jua lisiwakute humo likizama. Aliwahi kuishi karibu na mmojawapo, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi, akipekua kumbukumbu zake.

"Nilidhani nitakuta chuki," aliwaambia wanafunzi. "Nilikuta ukarimu. Mama mmoja wa makumbusho alinitengenezea chai na kunihakikishia kwamba kwao watu weusi hawajapata kuishi, ilitokea tu hivyo. Nje ya dirisha lake kulikuwa na msingi wa kanisa walilolijenga watu hao hao kabla ya kufukuzwa. Yeye alidhani ni ghala. Lakini jioni ilipokaribia, alianza kutazama saa. Akaniambia, 'Mpenzi, jua linazama, si ungeanza safari?' Nikamwuliza kwa nini. Akafikiri, akaona aibu, akasema hajui. Ni mazoea tu, mama yake naye alikuwa hivyo hivyo kwa wageni wa aina yangu."

Yumna alifuta ubao, akaendelea.

"Bango lilikuwa limeondolewa zamani. Kilichobaki kilikuwa mwilini mwa mama yule, na yeye mwenyewe hakijui. Kwa hiyo mkichunguza mji unaodai kwamba fulani hakuwahi kuwapo, msiishie kwenye yale ambayo watu wanayakumbuka. Tazameni wanayoyatenda bila kujua sababu."

Alilisema hilo kama alivyolisema miaka yote, kwa sauti ya mwalimu. Halikumpitia akilini kwamba alikuwa akijiambia mwenyewe.

Ijumaa alasiri alikwenda Chatsworth kumtayarisha shangazi kwa habari mbaya. Alimkuta akipepeta mchele na kumgombeza paka.

"Umekonda," alisema shangazi. "Huko chuoni mnakula vitabu?"

"Nimekuja na samosa, Shangazi."

"Za kununua? Mtume! Mweke paka mbali, asije akaugua."

Alasiri iliadhiniwa kabla Yumna hajapata la kusema. Shangazi alitawadha, akaleta mkeka wake wa ukindu, akautandika sebuleni. Yumna alitandika wake kando, akaunyoosha sawa na alama iliyochorwa ukutani na marehemu baba yake ili kuonyesha kibla. Mkeka wa shangazi ulikaa upogo, umeelekea kushoto kidogo. Siku zote ulikuwa hivyo. Utotoni, Yumna na binamu zake walikuwa wakibanwa na kicheko nyuma ya vizee wa mtaa ambao wote walisimama wakiwa wamepinda kushoto, na Faizal mdogo alikuwa akiwaambia wenzake kwamba bibi zao wanamswalia Mungu wa jirani.

Yumna alitoa salamu ya kulia, akatoa ya kushoto, na macho yake yakaganda kwenye mkeka ule.

"Shangazi," alisema polepole, "kwa nini unautandika hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Umepinda."

"Wako ndio umepinda." Shangazi alicheka, kisha alipoona Yumna hacheki, akaacha. "Baba alituweka hivi, mwanangu. Na baba yake alimweka hivyo yeye. Msikitini tulimfuata imamu, wale walimu wa Kihindi walikuwa na vipimo vyao. Nyumbani tulimfuata baba. Alisema kule kwao walikotoka, hivi ndivyo walivyosimama."

"Na makaburini? Walimfuata nani?"

"Maiti anatoka nyumbani au msikitini?" alijibu shangazi, kana kwamba ameulizwa na mtoto wa chekechea.

Yumna alichukua simu, akafungua ramani. Pwani ya Wamakua. Akapandisha kidole juu, juu, juu, kuvuka Unguja, kuvuka Lamu na Bahari ya Shamu. Kidole kilifika Makka bila kupinda. Kwa mtu aliyezaliwa kule, Makka ilikuwa kaskazini kabisa. Wahenga walipoteremshwa Durban, walikuwa wamenyang'anywa jina, ukoo na jamaa, lakini waliuhifadhi upande wao wa kuswali. Walisimama Bluff kama walivyosimama kwao, wakawalaza wafu wao hivyo hivyo, na wakakosea kidogo, wote kwa pamoja.

"Shangazi! Mmekosea kibla miaka mia na zaidi!"

"Toka hapa! Mungu hapotewi na anwani ya mtu," alisema shangazi. "Sasa unalia nini, we mtoto?"

Jumatatu Yumna alimpeleka Pierre-Claver hadi Bluff. Pierre-Claver alikuwa mpima ardhi, mwenzake wa chuoni, mzaliwa wa Bukavu aliyeingia Durban akiwa mkimbizi na ambaye alikiamini chombo chake cha kupimia kuliko alivyowaamini binadamu. Alizunguka kutwa nzima kwenye nyasi.

"Madame Yumna," alisema mwishowe kwa Kiswahili cha kwao, "bustani njo inafuata kilima, sivyo? Mtu analima kufuatana na maji. Lakini hii mistari haijali kilima, haijali barabara, haijali kitu. Iko kaskazini, kaskazini kabisa. Hakuna mkulima mukaidi namna hii."

"Utayasema hayo mbele ya baraza?"

"Nitasema. Lakini yule wakili atasema ni bahati. Lazima iko kitu chini. Ninyi munazika namna gani?"

Yumna alimweleza. Chini ya kaburi huchimbwa mwanandani, kishimo cha ubavuni anamolazwa maiti kwa ubavu wa kulia, uso ukitazama kibla. Pierre-Claver alisikiliza, kisha akapiga kofi moja.

"Basi kishimo kitakuwa upande moja, kwa yote! Udongo wenye uliwahi kuchimbwa, mashine inauona. Hatufukui mtu. Tunapitisha rada juu ya majani, ni vile tu."

Kikao kilipofunguliwa tena, ukumbi ulijaa. Mabasi mawili yalikuwa yametoka Chatsworth, na wanawake walikaa mbele na vikapu vyao kana kwamba wako harusini. Yumna alisimama na kueleza habari za mkeka. Wakili alimsikiliza kwa heshima yake ile ile, kisha akainuka.

"Nataka nielewe vizuri, Daktari. Unaliomba baraza liamini kwamba haya ni makaburi ya Waislamu kwa sababu yamekosea Makka?"

"Ndiyo," alisema Yumna. "Yangelikuwa sahihi, yangeweza kuwa ya mtu yeyote. Kosa hili ni la kwetu."

Vicheko vikapita ukumbini. Mwenyekiti akagonga meza, naye akiwa anatabasamu.

"Kuna miji huko Marekani," Yumna aliendelea, "iliyowafukuza watu, kisha ikafundisha watoto wake kwamba watu hao hawakuwapo. Nimeisoma maisha yangu yote, na hapa leo nimeyasikia maneno yale yale. Sitaki niaminiwe kwa maneno. Baraza lichague mtaalamu wake na rada yake. Kama nasema kweli, kila jozi ya mawe itakuwa na shimo chini yake, na kila shimo litakuwa na mwanandani upande wa kaskazini. Ukionekana upande mwingine, au usipoonekana kabisa, tutaliondoa pingamizi letu siku hiyo hiyo."

Faizal alimvuta mkono alipokaa. "Umeichezea ardhi yetu kamari!" alinong'ona.

"Sikucheza kamari. Nimemwamini babu yako."

"Wa papa?"

"Huyo huyo."

Wakili, aliyekuwa na hakika na bustani zake, alikubali papo hapo.

Rada ilisukumwa juu ya nyasi kama mashine ya kukatia majani, na aliyeisukuma alikuwa mtaalamu mgeni asiyemjua yeyote kati yao. Kampuni ilimleta wakili wake. Kamati ilimleta Faizal, ambaye hakuwa amelala. Yumna alisimama kando ya Pierre-Claver, macho yote kwenye kioo kidogo ambamo ardhi ilijichora kwa mistari ya kijivu. Chini ya jozi ya kwanza, mistari ilivunjika, ikazama, na chini kabisa ikaingia ubavuni.

"Upande gani?" aliuliza wakili.

Mtaalamu alitazama dira yake. "Kaskazini."

Jozi ya pili, kaskazini. Iliyofuata pia. Baada ya safu nzima, wakili aliacha kuuliza. Palikuwa na mashimo mafupi pia, ya watoto, nayo yaliingia kaskazini. Mtaalamu alivua kofia yake bila mtu kumwambia. Wakili alimwendea Yumna na kumpa mkono. "Nitawaambia wateja wangu," alisema, na safari hii upole wake haukumkera.

Baraza lilitangaza kwamba kiwanja chote ni eneo la makaburi, hakitajengwa wala kuuzwa kwa ujenzi, na ufunguo wa geti utakuwa mikononi mwa kamati. Mwenyekiti alipolisoma neno la mwisho, wanawake wa Chatsworth walipiga vigelegele hadi polisi wa mlangoni akachungulia kuona kuna nini.

Wote walikwenda Bluff Jumapili. Shangazi Aysha alitembea kati ya safu akiwa ameshikwa mkono na Yumna. Hapakuwa na jina kwenye jiwe lolote, na alipofika katikati alisimama.

"Sitajua ni lipi," alisema.

"La, Shangazi. Hilo hatutalijua."

Shangazi alifikiri. "Basi nitawasomea wote. Mama hakuwa mchoyo."

Akawasomea, kwa sauti ya juu, sauti ambayo jikoni hakuwahi kuitumia. Watu waliitikia amina. Baada yake vikapu vilifunguliwa, watoto wakakimbizana nje ya uzio uliozungushiwa safu za makaburi, Faizal akamsimulia Pierre-Claver habari za papa, na mchana ukaisha pasipo mtu kuuona ukienda.

Mlinzi wa geti, mzee wa Kizulu aliyeajiriwa enzi za kampuni, alikuja akikokota miguu.

"Gogo, samahani," alimwambia shangazi, akimwita bibi kwa Kizulu. "Jua linazama. Amri niliyopewa ni kwamba likizama, watu wote watoke."

Vikombe vya chai vikashushwa. Akilini Yumna alimwona mama wa makumbusho akitazama saa, akaona malori. Shangazi Aysha alijifunga vizuri kanga yake kichwani.

"Geti lifunge, mwanangu," alisema kwa ukunjufu. "Ila sisi tuko ndani."

Faizal aliutoa ufunguo mpya mfukoni, akauinua juu. Mzee aliutazama, akawatazama wote, kisha akacheka mpaka akakaa kitako. "Hau, gogo! Basi mnipe na mimi chai."

Maghribi iliadhiniwa. Mikeka ilitandikwa nje ya uzio wa makaburi, ndani ya kiwanja, na Faizal, aliyetakiwa kuongoza swala, alikwisha kutoa simu yake kutafuta kibla. Aliitazama, akautazama mkeka wa ukindu ulivyokaa.

"Shangazi," aliuliza, "leo tumfuate nani? Imamu au baba?"

"Hapa ni nyumbani," alijibu shangazi.

Faizal aliirudisha simu mfukoni, akageuka kushoto kidogo. Nyuma yake safu nzima ikageuka, na jua lilikuwa limekwisha kuzama, nao wamesimama humo humo.