Mota Isiyotakiwa Kuzunguka

Mimi nikikuta mota imekufa, siulizi, nafufua. Ndivyo nilivyofunzwa chuo cha ufundi, na ndivyo nilivyotaka kujiponza siku ya usaili.

Chuo cha uhandisi kilikuwa kimefungua mlango wa pembeni kwa sisi mafundi tusio na vyeti vya sekondari ya juu: unafanya jaribio la vitendo, unahojiwa, ukipita unaingia mwaka wa kwanza pamoja na wenye vyeti vyao. Bosi wangu wa karakana aliposikia, alicheka mpaka akakohoa. "Haya, Injinia! Ila ukienda, usirudi hapa." Dada yangu aliyenilea naye akanipasha: "Mshika mbili moja humponyoka." Nikamjibu kwamba ya karakana nimeshaiachia. Ujeuri wa mdomoni tu huo.

Kwenye chumba cha jaribio walinipa mota ndogo ya pampu, droo ya vipuri na karatasi. Nikaiwasha. Ikanguruma papo hapo, haizunguki. Kapasita hiyo, nikajisemea, kale kakopo kanakoipa mota nguvu ya kuanzia. Nikazima, nikabadilisha, nikawasha tena. Ikazunguka vizuri kabisa. Nikafuta mikono kwenye sketi, nimeridhika na nafsi yangu.

Ndipo nikasoma karatasi: "Tambua hitilafu na ueleze sababu yake. Usiitengeneze, wenzako wanaisubiri."

Mungu wangu! Nikaitazama mota inavyozunguka kwa raha zake, nikatamani ife tena.

Msaili, mwalimu wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akaingia. "Nani kaitengeneza?"

"Mimi, mwalimu. Samahani sana. Mkono umetangulia."

Hakucheka. "Irudishe ilivyokuwa."

Maishani mwangu sijawahi kuharibu kitu kizima kwa makusudi. Nikachomoa kapasita nzima, nikarudishia ile mbovu. Nilipomaliza, akavuta kiti. "Haya. Bila kapasita nzima mota hii haianzi. Kwa nini?"

"Haina nguvu ya kuanzia."

"Kwa nini haina?"

Ningeweza kumpiga fiksi, maana maneno makubwa nimeyasikia, lakini huyu angeninasa kabla sijafika mbali. Karakana nimeshafukuzwa, na hapa nafukuzwa sasa hivi. Niliogopa kweli.

"Sijui, mwalimu." Sauti ilinitoka kwa hasira, sijui nilimkasirikia nani. "Nimebadilisha kapasita mpaka vidole vimeota sugu, na kila nikiuliza kwa nini, naambiwa ikizunguka yatosha. Mimi hainitoshi! Ningekuwa najua, ningekuja hapa kufanya nini?"

Maji yalishamwagika, nikaona bora nimalizie. "Na zile mota kubwa za mashine za kusaga, za nyaya tatu, mbona hazina kapasita na zinaanza zenyewe? Nani anazisukuma?"

Akavaa miwani.

"Hilo tunalifundisha muhula wa kwanza," alisema. "Uje usikilize."

"Kwa hiyo nimefaulu?"

"Jaribio umepata sifuri, tena sifuri ya haki. Usiguse tena mota ya mtihani bila kusoma karatasi. Lakini alama za mahojiano natoa mimi, na nimesema uje."

Sikumbuki kama niliaga. Nilikaa kwenye ngazi za nje, nikampigia dada. Alipopokea tu, nikaangua kilio. Kila nikijaribu kusema nimepata, natoa kwikwi tupu.

Mimi nilikuwa nangoja anikumbushe ya karakana.

"Basi, mdogo wangu, basi," akasema. "Rudi nyumbani. Mwakani tutajaribu tena."